Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kazi na Mapumziko ya Wahudumu wa Hoteli

Hotuba kwa viongozi wa walei na kamati za Haki na Amani za parokia, Arusha



Wazee wetu walituachia methali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake ni kwamba mgeni huja na baraka, akiingia nyumbani chungu hupata kitu, na wenye nyumba nao hushiba. Hapa kwetu Arusha methali hii imekuwa jambo la riziki. Mgeni aendaye Serengeti, Ngorongoro, Manyara au Tarangire hupita kwetu, na jamaa zetu wengi hula, husomesha na hujenga kwa ajili ya mgeni huyo. Swali ninaloliweka mbele yenu leo ni fupi: je, mwenyeji anapona kweli? Yule anayemtandikia mgeni kitanda hulala saa ngapi? Yule anayempikia mgeni chakula cha Krismasi, Krismasi yake huila lini?

Nimeombwa niseme juu ya kazi na mapumziko ya wafanyakazi wa hoteli, hasa kwa vile malalamiko yao mara nyingi hutufikia yakiwa na sura ya ugomvi wa rika. Wazee husema vijana ni wavivu. Vijana husema wazee wamejifanya watumwa. Walio katikati husema kwamba wao ndio wanaobebeshwa mzigo wa pande zote mbili. Nia yangu ni kuonyesha kwamba ugomvi huu kwa sehemu kubwa hautokani na umri. Ni ugomvi wa watu wanaonyang'anyana mapumziko machache ambayo hayakupangwa kwa haki. Tena nitaonyesha kwamba sisi wenyewe, waumini na viongozi, tumo ndani yake.

1. SIKU YA MHUDUMU ILIVYO

Hoteli haifungi mlango. Mgeni huamka kabla ya jua ili awahi kuwaona wanyama, na mwingine hufika usiku wa manane kutoka uwanja wa ndege. Ndiyo maana kazi hii huendeshwa kwa zamu, na zamu iliyo ngumu kuliko zote ni ile inayokatwa vipande viwili.

Tuchukue mfano wa mama anayehudumu mezani katika hoteli ya mjini, naye anaishi Ngaramtoni. Anaingia kazini saa 12 asubuhi, na kifungua kinywa kikiisha saa 4 anaambiwa apumzike. Anarudi saa 11 jioni kwa ajili ya chakula cha usiku, na anatoka saa 4 usiku. Jumla ya saa zake ni tisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka kikomo cha saa tisa za kawaida kwa siku. Kwa hiyo hesabu hiyo haina kasoro. Sheria hiyo hiyo inataka mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku na siku. Lakini inaruhusu zipunguzwe hadi saa nane iwapo kazi inakatwa katikati kwa muda usiopungua saa tatu na kuna makubaliano ya maandishi. Tangu saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa nane kamili. Iwapo makubaliano hayo yapo, karatasi inasema kwamba mama huyu amepumzika.

Sasa tuhesabu upya. Toa saa moja ya kungoja daladala na kufika nyumbani, na saa nyingine ya kurudi alfajiri. Toa muda wa kuoga, wa kutazama madaftari ya watoto, na wa kusikiliza habari za nyumba. Zinazobaki ni saa tano za usingizi, pengine nne. Na zile saa saba za mchana? Kwenda na kurudi ni nauli ya pili kwa siku hiyo hiyo, hivyo wengi hubaki wameketi nyuma ya jiko au chini ya mti, hawako kazini wala hawako nyumbani. Kama anafanya hivyo siku sita kwa juma, amefanya saa 54, ilhali kikomo cha sheria kwa saa za kawaida ni 45. Zile tisa zilizozidi ni saa za ziada, nazo hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Waulizeni waumini wenu wanaofanya kazi hii kama wanazijua saa hizo tisa, na kama wameziona katika malipo yao.

Wale wanaofanya kazi katika kambi na nyumba za wageni za mbugani wana shida ya namna nyingine. Hawapandi daladala, bali wanaishi mahali pa kazi kwa majuma mengi mfululizo, siku zao za mapumziko zikikusanywa ili waende nyumbani kwa mara moja. Baba wa namna hiyo huwakuta watoto wamekua kidogo kila anaporudi, na siku mbili za kwanza nyumbani huzitumia kulala tu. Halafu yapo majira. Tangu mwezi Juni hadi Oktoba, na tena mwishoni mwa Desemba, wageni ni wengi na likizo huzuiwa. Katika mvua za masika, Aprili na Mei, kambi kadhaa hufungwa, na hapo mtu huambiwa apumzike wakati ambapo watoto wako shuleni na mfuko hauna kitu.

2. VIZAZI VITATU CHINI YA PAA MOJA

Katika kazi hiyo moja wanakutana watu wa vizazi vitatu, na kila kizazi kimefunzwa na maisha yake.

Wa kwanza ni wale wanaokaribia kustaafu, ambao walianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 au mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wengi wao walijifunza kwa kutazama: walianza kuosha vyombo, wakapanda hadi mezani au jikoni. Walizikuta hoteli kubwa nyingi za mbugani zikiwa mali ya umma, kisha baadaye wakaziona zikibinafsishwa na wenzao wakipunguzwa. Funzo walilolipata ni kwamba anayesalia ni yule asiyesema "siwezi". Mtu wa kizazi hiki huweza kujisifu kwamba kwa miaka kadhaa hakuwahi kuchukua likizo yake yote. Kinywani mwake iko methali, "Kazi mbaya si mchezo mwema." Tusimdharau. Amesomesha watoto kwa uvumilivu huo. Lakini mgongo wake na magoti yake vinatoa ushuhuda mwingine, na mara nyingi anapofika miaka 60 anarudi katika nyumba ambayo hakuwahi kuizoea.

Wa pili ni wale walio kati ya miaka 35 na 50. Hawa wana watoto shuleni na wazazi wagonjwa kijijini kwa wakati mmoja. Wengi ni wasimamizi wadogo: ndio wanaopanga zamu na ndio wanaotukanwa kwa ajili ya zamu. Kijana asipofika, wao huziba pengo. Mzee akiumwa, wao huziba pengo. Kwao mapumziko yanamaanisha kwenda kumwangalia mama hospitalini au kupalilia shamba. Kukaa bure hawakujui. Na kwa akina mama wa kizazi hiki, siku ya mapumziko ni zamu ya pili ya kufua, kupika na kuchota maji.

Wa tatu ni vijana. Hawa wamepitia vyuo, wana vyeti, na wanajua lugha za wageni. Wengi wana mikataba ya miezi michache, au wanaitwa kama deiwaka siku zile tu ambazo hoteli imejaa. Vijana hawa waliona jambo ambalo wazee hawakuliona katika ujana wao. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga njia za dunia, watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya 1,500,000 mwaka 2019 hadi karibu 620,000. Waliojitoa kwa moyo wote na waliofanya kazi kwa ulegevu walirudishwa nyumbani pamoja. Mwaka 2023 wageni walirudi na kuzidi 1,800,000, lakini kijana aliyeshuhudia hayo hawezi tena kuambiwa kwamba kujinyima mapumziko ni bima ya kazi. Ndiyo maana anauliza siku yake ya mapumziko kabla ya kuuliza mshahara. Wakati huo huo, yeye ndiye asiyepumzika hata akiwa nyumbani, kwa kuwa zamu hutangazwa kwa simu usiku, na asipojibu upesi, nafasi hupewa mwingine.

Mkiwasikiliza wote watatu kwa makini, mtaona kila mmoja ana neno la kweli na kila mmoja ana namna ya kumwumiza mwenzake. Mzee anayekubali kila siku kufanya kazi bila mapumziko hufanya ionekane kwamba anayedai siku yake ni mkosefu. Kijana anayezima simu na kutoweka siku ya zamu yake humwangushia mzigo mama mwenye mtoto mchanga. Msimamizi anayewapa rafiki zake Jumapili na sikukuu hupanda chuki ambayo haitaisha kwa semina. Na mwajiri anayeweka watu sita mahali pa watu tisa huweza kukaa pembeni akitazama, kwa sababu hasira yote inakwenda kwa mwenzao na haimfikii yeye.

3. MAPUMZIKO SI ZAWADI

Ndugu wapendwa, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, amri ya Sabato imepewa sababu inayotuhusu sana. Mwenye nyumba anaagizwa apumzike ili mtumishi wake wa kiume na wa kike nao wapumzike kama yeye. Naye anakumbushwa kwamba hapo zamani alikuwa mtumwa Misri. Mapumziko, basi, ni alama ya watu walioachwa huru. Anayemnyima mwenzake mapumziko anamrudisha Misri. Na katika Injili ya Marko, sura ya 6, Bwana wetu aliwaona mitume wamezungukwa na watu wanaokuja na kwenda hata hawapati nafasi ya kula, akawaita waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Maneno hayo mhudumu wa hoteli huyaelewa upesi kuliko sisi sote.

Kanisa limelifundisha jambo hili kwa muda mrefu. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapumziko yapimwe kwa kadiri nguvu za mtu zinavyochakaa, kwa kutazama aina ya kazi, wakati, mahali na afya yake. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliyataja mapumziko ya kila juma na likizo ya kila mwaka miongoni mwa haki za mfanyakazi.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Kwa ufupi, yafaa kila mwanakamati ayajue haya:

Kwanza, mfanyakazi anastahili saa 24 mfululizo za mapumziko kila juma. Kwa makubaliano ya maandishi zinaweza kuwa saa 60 mfululizo kila majuma mawili, jambo linaloweza kuwafaa walio kambini. Akikubali kufanya kazi katika muda huo wa mapumziko, saa hizo hulipwa maradufu.

Pili, saa za ziada hazilazimishwi bila makubaliano, wala hazizidi 50 katika majuma manne.

Tatu, kazi ya usiku, yaani tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kazi ya sikukuu ya umma hulipwa maradufu.

Nne, likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Kijana wa msimu asidhani kwamba haimhusu. Sheria inamtaja mfanyakazi wa msimu kuwa na haki ya likizo; na yule anayeitwa mara kadhaa na mwajiri yule yule, akipitisha jumla ya miezi sita katika mwaka, naye anayo.

Mwaka 1991 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 172 juu ya kazi za hoteli na migahawa. Mkataba huo unasema kwamba inapowezekana wafanyakazi waelezwe zamu zao mapema vya kutosha ili wapange mambo ya nyumba zao. Unasema tena kwamba bakshishi isiwe badala ya mshahara. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Mtu ambaye riziki yake inategemea mkono wa mgeni haachi zamu hata akiumwa, na mtu asiyejua kesho yake hawezi kuahidi lolote nyumbani.

4. SISI WENYEWE TUKO UPANDE GANI?

Ni rahisi kumlaumu mwajiri ambaye hayumo humu ukumbini. Hebu tujitazame sisi.

Jumuiya zetu nyingi husali Jumamosi asubuhi au Jumapili alfajiri, wakati mhudumu anapanga meza za kifungua kinywa. Jina lake huandikwa katika daftari la wasiofika, na baadaye hutozwa faini. Anapomleta mtoto kubatizwa, anaambiwa, "Hatukufahamu." Anapofiwa, watu hujivuta. Kuna waumini walioacha kabisa kuja, kwa vile wamechoka kuomba radhi kwa kosa ambalo si lao. Je, ni haki kumhukumu mtu kwa uvivu wa imani, kumbe alikuwa amesimama tangu usiku?

Tena, ni nani wanaokodi kumbi kwa sherehe za harusi, kipaimara na jubilei? Ni sisi. Kadi husema saa 12 jioni, bwana na bibi harusi huingia saa 3 usiku, hotuba huisha saa 7, na vijana waliopakua chakula huondoka saa 9 usiku wakitafuta bodaboda. Kamati ya harusi huhesabu viti, vinywaji na mapambo. Ni nadra kamati kuhesabu saa za wahudumu.

Na nyumba za wageni za majimbo, mashirika na parokia zetu? Nazo zina wapishi, dobi na walinzi. Tukisimama kusema juu ya haki za watu hotelini, yatupasa kwanza tufungue daftari la zamu la nyumba zetu wenyewe. Vivyo hivyo kwa msichana wa kazi aliye nyumbani kwa kiongozi: siku yake ya mapumziko ni ipi?

5. YANAYOWEZEKANA

Sitawapa ndoto. Mgeni atakula Jumapili, na lazima awepo wa kumhudumia. Lakini mzigo unaweza kugawanywa kwa namna ambayo hakuna anayevunjika.

Mahali pa kazi, zamu iandikwe na kubandikwa angalau majuma mawili kabla, na zamu za Jumapili, za usiku na za sikukuu zizunguke kwa wote, mzee na kijana, rafiki wa msimamizi na asiye rafiki. Kwenye hoteli zetu nyingi Wakristo na Waislamu tayari huachiana sikukuu: huyu humshikia mwenzake zamu siku ya Idi, na yule hurudisha wema siku ya Krismasi. Desturi hiyo njema iandikwe katika utaratibu ili isitegemee hisani tu. Zamu ya kukatwa isipewe mtu yule yule mwezi mzima, na anayekaa mbali afikiriwe kwanza. Mzee apunguziwe kazi ya kusimama usiku, naye kwa upande wake akubali kumfundisha kijana anayeshika nafasi yake. Kijana asiyeweza kufika atoe taarifa mapema na atafute wa kubadilishana naye.

Madai haya yana uzito yakitolewa na wengi kwa pamoja. Chama cha wafanyakazi, mathalani CHODAWU kinachohusisha watu wa hifadhi, mahoteli na kazi za majumbani, kina nafasi ya kufanya makubaliano ya pamoja na mwajiri. Shauri likishindikana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi akumbuke kwamba muda wa kupeleka shauri lake huko ni siku 30, na madai mengine siku 60. Tusimshauri mtu asubiri hadi muda umpite. Kamati ya Haki na Amani haichukui nafasi ya vyombo hivyo. Kazi yetu ni kusoma mikataba pamoja na watu wetu, kuwaonyesha njia, na kuwasindikiza wanaoogopa.

Parokiani, Jumuiya zenye wahudumu wengi zichague siku na saa kwa kuwauliza wao. Mahali pengine mchana wa Jumanne au Jumatano utafaa kuliko Jumamosi. Daftari la mahudhurio liwe na nafasi ya kuandika "yuko zamu" bila faini wala maelezo marefu. Kamati za harusi zipange saa ya kumaliza na ziiheshimu, na ziulize mwenye ukumbi jinsi wahudumu watakavyofika nyumbani.

Ndugu zangu, ugomvi wa mzee na kijana utapungua siku watakapoona kwamba saa ya mapumziko anayoipata mmoja haikuibwa kwa mwenzake. Mzee alivumilia ili watoto wake waishi vizuri zaidi yake. Basi asiudhike mtoto huyo anapodai kile ambacho yeye alinyimwa. Na kijana akumbuke kwamba hoteli anayoikuta ikisifiwa na wageni ilijengewa jina lake na migongo ya hao wazee. Madhali wote wanamkaribisha mgeni mmoja, na wapone wote.

 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu ni nani wanaofanya kazi kwa zamu? Tunajua siku zao za mapumziko?

2. Je, saa ya sala yetu inamfungia nje mtu yeyote? Tunaweza kubadili nini mwezi huu?

3. Wazee waeleze walivyopumzika au kutopumzika katika ujana wao. Vijana waeleze wanachokiogopa katika kazi zao za sasa. Kila upande umejifunza nini?

4. Katika sherehe ya mwisho tuliyoiandaa, wahudumu walitoka saa ngapi, na walifikaje nyumbani?

5. Kwa nyumba zetu wenyewe na taasisi zetu: mfanyakazi wetu anajua siku yake ya mapumziko, na imeandikwa?